Sharti la Zuhura

Nakumbuka alasiri moja huko Mkanyageni, mwanangu, kikombe cha kahawa kilipomponyoka mama mmoja mtu mzima kwa sababu ya neno alilolisema msichana aliyekuwa anaposwa. Kikombe hakikuvunjika. Kilibiringika mpaka uvunguni mwa kitanda na kikakaa huko siku nyingi, kwani hakuna aliyekuwa na moyo wa kuinama kukitafuta. Msichana yule alikuwa Zuhura, mwandani wangu, na neno lile nilimfundisha mimi. Lakini niache nianze nyuma kidogo. Nikianza katikati huwa napotea, na kwa umri huu nikipotea sirudi upesi.

Kwetu ni Majengo. Mama yangu alikuwa Mdigo aliyekuja mjini kutafuta kazi, akawa anafua na kupiga pasi nguo za nyumba kubwa za Kizingo, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka na kurudisha mabunda. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala masomo hayakunishinda. Asubuhi moja nilipita njia nyingine, nikamwona mwanamke akibandika mkate wa mofa ndani ya tanuri la udongo kwa mkono mtupu, nikasimama nimwulize mbona haungui. Alinieleza. Kisha akanielekeza kwa shemeji yake anayefinyanga matanuri hayo. Ikawa ndiyo hivyo: kila jambo lilinipeleka kwa jambo jingine, na hakuna hata moja lililonirudisha darasani. Mama alinipiga, akachoka, akabaki kuniombea dua.

Ndivyo nilivyofika nyumbani kwa Bi Salama. Nilikuwa napita na bunda kichwani nikasikia harufu ya asumini inatoka kwenye mlango ulio wazi, nikachungulia. Uani asumini ilikuwa imeparamia ukuta mzima. Kwenye mkeka ameketi bibi mmoja mnene, anakohoa, na kando yake mjukuu wake, msichana wa rika langu, mbele yao sinia limejaa maua ambayo bado hayajafunguka.

"Wataka nini?" bibi akaniuliza.

"Nataka kujua mbona mwayachuma kabla hayajachanua."

Bi Salama alimtazama mjukuu wake, kisha akanitazama mimi. "Weka hilo bunda chini, ukae uone," akasema. "Na viatu uvue, hapa si sokoni."

Kazi yao ilikuwa kutunga asumini za harusi. Koja la bibi harusi lilitungwa kwa namna yake katika nyumba ile. Uzi ni mmoja mrefu, una fundo katikati na sindano kila ncha. Watu wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akatunga kutoka upande wake na kuyasukuma maua kuelekea kwenye fundo. Lazima mwende sawa. Mmoja akivuta sana anamnyang'anya mwenzake uzi, na akilegeza mno koja linajikunja. Tena lazima mharakishe, kwa sababu maua yakishachanua hayatungiki, sindano huyapasua. Macho ya Bi Salama yalikuwa yameanza kumtaabisha, kwa hivyo Zuhura alikuwa akitunga peke yake, ncha hii kisha ile, na makoja yake yalikuwa yakipinda. Siku ile alinitia sindano ya pili mkononi. Kabla ya adhana ya Magharibi tulikuwa tumemaliza koja zima, na lilinyooka.

Kesho yake nikarudi. Na kesho kutwa.

Wanawake wa pwani tukimwita mwenzetu shoga, twamaanisha mtu ambaye humfichi kitu, hata kile unachojificha mwenyewe. Zuhura alikuwa shoga yangu wa namna hiyo. Tulinunua doti moja ya leso tukaikata, kila mmoja kipande chake, ili tukitembea pamoja ndipo itimie. Nikiumwa na jino, yeye naye alitafuna upande mmoja. Alikuwa mtulivu, mwenye maneno machache, mtu wa kukunja leso yake pembe kwa pembe, na mimi nilikuwa hivi hivi nilivyo. Hakuwa akitoka sana, basi mimi nilimletea mji nyumbani. Nilimsimulia jinsi Mabohora wanavyoanza mlo kwa kuonja chumvi, kisha kitamu, ndipo chakula chenyewe. Nilimsimulia moshi wa jaa la Kibarani unavyohama mtaa upepo ukihama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, na swali hilo ndilo nililosahau kuuliza. Kesho yake nikarudi kwenda kuliuliza.

Hapa nitaje mtu mwingine, mwanangu, umweke akilini. Kule Majengo, kwenye kichochoro chetu, kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, mkali wa ulimi, anayeuza achari ya ndimu. Jina lake Bi Nuru. Kila nikirudi jioni nikipita mlangoni kwake hunisimamisha.

"Watoka kwa Salama?"

"Naam, bibi. Masalkheri."

"Masalkheri. Asumini yake yachanua?"

"Yachanua."

"Na kifua chake?"

"Bado akohoa."

Hapo huguna, akarudi kwenye ndimu zake. Siku moja nilimwuliza, "Kwani wamjua, bibi?" Akanijibu, "Mji mdogo huu, wote twajuana." Na mimi ninayefuata kila jibu mpaka lilikotoka, jibu lile nililiacha lipite.

Zuhura alipotimiza miaka kumi na minane, posa ikaja. Kijana aliitwa Swaleh, fundi cherehani wa Malindi. Zuhura alikuwa amemwona kwenye harusi ya jamaa. "Ana masikio makubwa," akaniambia, kisha akacheka kicheko ambacho sikukizoea. Nikajua amempenda. Nikajua pia kwamba Malindi si Majengo.

Tulikuwa darini siku hiyo, twaanika pilipili.

"Malindi mbali," nikasema.

"Si mbali sana."

"Mbali! Nani atashika ncha ya pili?"

Machozi yakamtoka, nami yakanitoka, tukajifuta kwa mikono ya pilipili, tukalia zaidi. Tulipotoka kuosha uso, macho yamevimba kama ya watu waliofiwa, mimi wazo lilikuwa limeshanijia. Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani kama kila mtoto wa Kiislamu, najua kwamba mume ana ruhusa ya kuoa mpaka wake wanne.

"Zuhura," nikamwambia, "sisi tu wawili tu. Hata nafasi inabaki."

Mwanzo alinitazama kama nimepandwa na wazimu. Kisha akauliza swali lake moja: "Yafaa kweli?" Basi nikaenda kumwuliza mwalimu wa chuoni, nikajifanya naulizia watu wengine. Akaniambia mume haruhusiwi kuwaoa ndugu wawili kwa wakati mmoja, lakini marafiki hakuna ubaya. Nilitoka pale namshukuru Mungu kwamba mimi na Zuhura hatukuzaliwa tumbo moja.

Usitucheke sana. Tulikuwa hatujui mume ni kitu gani. Tulijua uani kwa Bi Salama, uzi na maua, na tuliona kwamba ndoa ni ua mwingine tu, mkubwa zaidi, ambamo tutaketi tukitazamana kama siku zote.

Ikafika alasiri ile. Shangazi yake Swaleh amekuja kutoka Malindi kupokea jibu, ameketi kitandani na kikombe cha kahawa mkononi, nami niko mlangoni na sahani ya kashata. Desturi ni kwamba msichana huulizwa, naye akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo kukubali. Bi Salama akamwuliza. Zuhura akainamisha uso, na wote tukangoja kimya hicho.

"Nimekubali," Zuhura akasema kwa sauti, "lakini nina sharti. Amwoe na Fatma pia."

Hapo ndipo kikombe kilipoanguka.

"Fatma gani?" akauliza shangazi.

Zuhura akaninyooshea kidole.

"Ya Rabbi!" shangazi akasema. "Mwanangu ana cherehani moja! Mke wa kwanza hajajua atamlisha nini, huyu yuaja na wa akiba!"

"Mimi sili sana," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema vile. Shangazi aliangalia juu, akaangalia chini, mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Bi Salama hakucheka. Alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni, akamwomba awape siku chache, akarudi polepole akishika ukuta. Tulitegemea kelele. Badala yake alikwenda uani, akaketi kwenye mkeka, akavuta sinia.

"Ndooni hapa," akatuita. "Tungeni."

Tukaketi, tukatunga. Kila mmoja alivuta kwa kasi yake na koja likaanza kupinda. Alitutazama kwa muda.

"Nani kawaambia," akasema hatimaye, "kwamba mume ni chumba, mwaweza kuingia wawili mkakaa mkapiga soga?"

Tukainamia sindano zetu.

"Fatma, wewe ambaye wauliza kila kitu. Mbona hili hukuja kuniuliza mimi?"

"Nilimwuliza mwalimu."

"Mwalimu ana mke mmoja, naye humkimbia akaja kulala msikitini. Mimi ndiye ninayejua." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Nilikuwa na shoga. Nuru jina lake. Tulikuwa tukitunga hapa hapa, mimi ncha hiyo, yeye hiyo. Nami nilikuwa nimeolewa, babu yenu mtu mwema. Nuru akaachwa na mume wake, hana pa kwenda ila kwa kaka yake Kismayu. Nikaona nitampoteza. Nikamwambia mume wangu: mwoe Nuru, tukae pamoja. Hakutaka. Nikamshika miguu. Mimi mwenyewe, wanangu, kwa kinywa changu, nilimposea mume wangu shoga yangu."

Zuhura aliacha kutunga. Alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo nyumbani mwao.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha nikaanza kuhesabu vipande vya nyama." Bi Salama akatabasamu, lakini si kwa furaha. "Siku ya zamu yake yeye hupika, nami huku chumbani kwangu nasikiliza anacheka nini. Zamani akicheka nilikuwa nikijua sababu. Sasa akicheka, nasema: kamwambia nini? Kamcheka nani? Naye hali kadhalika. Hatukugombana, hata siku moja. Tulikuwa na adabu. Mwaka wa kwanza tulitunga koja moja. Mwaka wa pili kila mtu akawa na uzi wake."

Upepo ulipita uani, maua machache yakaanguka. Akayaokota moja moja.

"Mume alipofariki, tulikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba hii. Mimi chumba hiki, yeye kile. Wajane wa mtu mmoja, na katikati yetu ukuta. Kifua kilikuwa kikinibana, nikikohoa namsikia yeye anaacha kusoma, ananisikiliza. Nami nikimsikia analia. Ningegonga ukuta tu kwa kidole. Sikugonga. Nilisema, aanze yeye, mimi ndiye mkubwa. Naye nadhani alisema, aanze yeye, mimi nilikaribishwa nyumbani kwake. Eda ikaisha. Akatoka na kasha lake. Nilimtazama kwa dirisha mpaka akakata kona, na hakugeuka nyuma."

"Na sasa yuko wapi?" akauliza Zuhura.

"Sijui. Nilisikia alishuka Majengo. Labda kafa."

Nilihisi kitu kinanipanda kifuani, mwanangu, kama pale unapokuwa umetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe umeushika. "Bi Salama," nikasema, "huyo Nuru, ni mwembamba? Ana ulimi mkali?"

"Mkali sana."

"Hajafa. Auza achari kwenye kichochoro chetu. Kila nikipita huniulizia asumini yako. Na kifua chako."

Bi Salama alikaa na ua moja mkononi. Jua likashuka, maua yakaanza kufunguka siniani, yote, meupe, yakawa hayafai tena kwa kazi, na yeye, ambaye siku nyingine angetukemea, aliyaacha yachanue.

Asubuhi yake alivaa buibui lake akataka tumpeleke. Ukitoka Mkanyageni kwa miguu mpaka Majengo, mtu mzima huweza kwenda na kurudi kabla wali haujaiva. Yeye njia ile hakuwa ameikanyaga tangu Nuru alipohama. Tulikwenda polepole, yeye katikati, mikono yake kwenye mabega yetu, na kila kona aliniuliza, "Bado?" Nikadhani amechoka, nikamwambia tukae kivulini apumzike. "Sikuchoka," akanijibu. "Naogopa."

Bi Nuru alikuwa ameketi kizingitini akikata ndimu. Alituona tangu mbali. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Tulipofika mbele yake aliinua macho.

"Umenenepa, Salama."

"Na wewe umekauka kama achari yako."

"Kikohozi hicho hukukitibu?"

"Nilikuwa nangoja mtu aniletee ndimu."

Bi Nuru alitazama ndimu zilizomjaa mapajani. Akasema kwa sauti ya chini, "Ungegonga ukuta."

"Ungegonga wewe."

Mimi ulimi uliniwasha nikataka kusema kitu, Zuhura akanifinya mkono. Halafu Bi Nuru alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi, na Bi Salama akashuka hapo kwa kishindo huku akiguna na kutaja majina ya Mungu. Waliketi mabega yamegusana wakitazama kichochoro kama waliokuwa wakiketi hapo kila siku.

"Na hawa?" akauliza Bi Nuru.

"Huyu mjukuu wangu. Na huyu ndiye muuliza maswali."

"Huyo namjua."

"Wanataka kuolewa na mume mmoja."

Bi Nuru alitutazama mmoja mmoja. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya leso, na ndimu zikamwagika kichochoroni zote. "Salama," akasema, "umeona? Wapumbavu wengine hawa."

Na Bi Salama akacheka naye. Walijua wote wawili wanacheka nini.

Tulipokuwa tukirudi, Zuhura alinivuta nyuma kidogo. "Nitamwambia Bibi apeleke jibu," akasema. "Nimekubali, bila sharti."

Moyo ulinishuka. Nilijua ndilo jibu la sawa, na hata hivyo ulinishuka. Nikamwuliza, "Na mimi?"

"Wewe utakuja Malindi. Lakini usije kuwa mke mwenzangu, Fatma. Nataka kukungoja. Nataka nisikie mlango wabishwa nijue ni wewe, unacho cha kunisimulia."

Koja la harusi yake walilitunga Bi Salama na Bi Nuru. Macho ya wote wawili yalikuwa mabovu, kwa hivyo mimi ndiye niliyewatilia uzi katika sindano. Walibishana tangu ua la kwanza mpaka la mwisho, nani anavuta sana, nani analegeza, na koja lilipinda kidogo upande wa kushoto. Zuhura alikataa lirekebishwe. Siku ya kuondoka alichukua sindano moja akanipa ile nyingine, tukaahidiana kuzitunza maisha yetu yote. Nisikudanganye, yangu niliipoteza Tanga mwaka uo huo.

Maana mimi baada ya Zuhura kwenda sikutulia tena. Nimepika Unguja, nimeuza magauni ya dira Lamu, nimefanya kazi za nyumba za watu Maskati, nimesoma kushona majamvi kwa bibi wa Pate ambaye alikuwa haoni. Nilikuwa na waume wawili kwa nyakati tofauti, watu wema, wakachoka kunitafuta. Lakini popote nilipotoka, njia yangu ilipita Malindi. Swaleh akinifungulia mlango hupiga kelele ndani, "Zuhura, mke mwenzio amefika! Mimi leo sina nyumba," akachukua mto wake akaenda kulala barazani, ili sisi tuzungumze. Nyakati nyingine ilipita miaka sijafika. Zuhura hakuniuliza hata siku moja mbona sikuja. Aliniuliza nimeona nini.

Watoto wao walipokua, Zuhura na Swaleh walirudi Mkanyageni kwenye nyumba aliyoiacha Bi Salama, na hapo ndipo Swaleh alipofariki, mwaka uliopita. Nilikuwa Vanga habari iliponifikia. Nilikuta nyumba imejaa watu. Baada ya siku za matanga watu wakapungua, kama ilivyo, na Zuhura akabaki na eda yake. Binti yake alinitandikia katika chumba cha pili, kile kilichokuwa cha Bi Nuru. Nadhani hakujua. Alfajiri niliamka kwa sauti ndogo upande wa pili wa ukuta. Zuhura alikuwa analia, taratibu, kwa adabu yake ile ile, asije akamwamsha mgeni.

Nilikunja kidole nikagonga.

Kisha naye akagonga.

Nilibeba godoro langu nikaenda chumbani kwake, nikakaa. Mimi, mwanangu, ambaye sijapata kumaliza msimu mmoja mahali pamoja, nilikaa mpaka eda ikaisha. Mara nyingi hatukuzungumza. Alikuwa akinieleza juu ya Swaleh, masikio yake, ukaidi wake, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya akishona, nami nilisikiliza bila wivu wala hesabu yoyote ya kwangu, kwa sababu mtu yule alikuwa wake yeye, na mimi nilikuwa wake yeye, na hivi viwili havikupata kugombania nafasi. Nilifikiria mara nyingi: lau lile sharti lingekubaliwa, leo ningekuwa chumba kile, na eda yangu mwenyewe, nangoja aanze yeye.

Mjane wa eda hajitii manukato wala maua. Kwa hivyo alasiri ya siku eda ilipoisha nilichuma asumini kabla haijachanua, nikajaza sinia, nikatia uzi kwenye sindano mbili. Tuliketi uani tukitazamana. Vidole vyetu sasa ni vizito, na maua mengi yalitushinda yakafunguka. Tulitunga hivyo hivyo.

"Wavuta sana," akaniambia.

"Walegeza wewe."

Basi hili ndilo nililotaka kukuachia, mwanangu. Ukipata mtu aliyekukaa rohoni, usimtafutie kamba ya kumfungia. Ndoa ina kazi yake, na nyumba ina kazi yake, wala usizitume zikushikie rafiki. Mwache apende anayempenda, aende anakokwenda, nawe uwe mtu wa kumfuata kwa miguu yako na kubisha mlango. Usimhesabie nani alikuja mara ya mwisho. Na siku mkijikuta kila mmoja chumba chake, kwa hasira, au kwa aibu, au kwa ile adabu inayoficha mambo, na ukasikia mwenzako upande wa pili, usikae ukiuliza nani mkubwa, nani aanze. Bi Salama na Bi Nuru walikuwa wanawake wenye akili kuliko mimi, na ukuta wa chokaa uliwala miaka yao mizuri yote. Kunja kidole, ugonge.

Mungu akupe wa kushika ncha ya pili ya uzi wako. Akupe safari, na akupe mtu wa kumsimulia safari hizo. Akulinde na kiburi cha kungoja kuanzwa, na siku utakapolia, asikose mtu wa kukusikia. Nenda salama, mwanangu. Amin.